Greda Kuukuu: Historia ya Mtambo wa Kuchonga Barabara na Soko Lake la Mitumba

Katika nchi ambazo barabara zake nyingi ni za udongo na changarawe, greda ndilo mtambo unaoamua kama njia itapitika mwaka mzima au itakatika masika yakianza. Greda ni mtambo wa magurudumu, kwa kawaida sita, wenye fremu ndefu ambayo chini ya sehemu yake ya katikati limening'inizwa bapa pana la chuma, ambalo waendeshaji na mafundi huliita bledi. Kazi yake ni kukata tabaka jembamba la udongo, kulisogeza pembeni au kulirudisha katikati, na kuiachia barabara mgongo, yaani ule mwinuko mdogo wa katikati unaoyafanya maji ya mvua yatiririke kuelekea mitaroni badala ya kutuama njiani. Mtambo huu ni ghali unapotoka kiwandani na hudumu kwa miongo kadhaa ukitunzwa, na kwa sababu hizo mbili magreda mengi yanayofanya kazi duniani yamepita katika mikono ya wamiliki zaidi ya mmoja. Historia ya biashara hiyo ya mitumba, ikifuatwa kuanzia mashamba ya Marekani hadi tambarare za Kongwa na bandari za Afrika ya Mashariki, inaonyesha kwamba uhai wa greda kuukuu hutegemea karakana, vipuri na mwendeshaji wanaolihudumia kuliko unavyotegemea mwaka lililotengenezwa, na kwamba gharama kubwa ziliwaangukia wale walionunua chuma bila kununua pamoja nacho uwezo wa kukitunza.

Kutoka farasi hadi injini

Greda lilizaliwa na kukulia katika majimbo ya mashariki na ya Kati-Magharibi ya Marekani, na sababu mojawapo imo katika namna ardhi ya huko ilivyogawanywa. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza kwamba maeneo mapya ya magharibi yapimwe kwa miraba, kila mraba mkubwa ukiwa na urefu wa maili 6 kila upande na ukigawanywa katika vipande 36 vya maili moja ya mraba, na walowezi walipoongezeka njia za umma zikapitishwa kwenye mipaka ya vipande hivyo. Kwa njia hiyo ulitokea wavu mkubwa wa barabara nyoofu za udongo, ambao matunzo yake yalikuwa juu ya serikali ndogo za mitaa, na ambao kwa muda mrefu ulihudumiwa na wakulima wenyewe, kwa kuwa waliruhusiwa kulipa kodi ya barabara kwa kufanya kazi siku chache kila mwaka badala ya kutoa fedha.

Wakulima hao walihitaji chombo ambacho kingefanya kazi ya majembe mengi kwa pamoja. Katika miaka ya 1870 Samuel Pennock wa Pennsylvania alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza waliotengeneza mitambo ya kukokotwa na farasi iliyokuwa na bapa la kukwangua njia, na mwaka 1885 Joseph D. Adams wa Indiana alitoa greda la kukokotwa ambalo magurudumu yake yaliweza kuinamishwa upande. Ubunifu wa Adams ulijibu tatizo ambalo kila mwendeshaji hulifahamu: bledi inapowekwa mshazari ili imwage udongo upande mmoja, udongo huo nao hulisukuma greda upande wa pili na kulitoa katika mstari wake, lakini magurudumu yakiinamishwa dhidi ya msukumo huo, mtambo hubaki njiani. Kanuni hiyo haijabadilika, na magurudumu ya mbele yanayoinama yamebaki kuwa alama ya kulitambua greda hata kwa mbali.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa farasi. Fordson, trekta dogo na la bei nafuu, lilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917, watengenezaji kadhaa waliona kwamba trekta lililokwisha kutengenezwa lingeweza kufungwa nyuma ya fremu ya greda na kulisukuma. Kampuni ya Russell, iliyoanzishwa Minnesota mwaka 1903 na Richard Russell pamoja na mshirika wake Stockland, ilikuwa miongoni mwa zilizotoa mitambo ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikitumia trekta la Allis-Chalmers. Wakati huohuo serikali kuu ya Marekani ilikuwa imeanza kuchangia gharama za barabara, kwanza kwa sheria ya mwaka 1916 na kisha kwa ile ya 1921, na matumizi ya magari yalikuwa yakiongezeka kwa kasi, hivyo barabara ambayo zamani ilichongwa mara moja au mbili kwa mwaka ilihitaji sasa kupitiwa kila wakati. Utaratibu ulioenea ulikuwa wa kumkabidhi mwendeshaji mmoja kipande chake cha barabara, ambacho alipaswa kukizungukia na kukitengeneza kabla mashimo hayajawa makubwa.

Kampuni ya Caterpillar, ambayo yenyewe ilitokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili za matrekta mwaka 1925, iliinunua Russell mwaka 1928, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1931, ikatoa greda ambalo halikuwa tena trekta lililofungiwa fremu. Mtambo huo ulibuniwa kuwa kitu kimoja tangu mwanzo, injini ikiwa nyuma, na mwendeshaji akikaa mahali ambapo angeweza kuiona bledi. Mwaka 1938 ilifuata namba 12, ambayo bledi yake ilikuwa na upana wa futi 12, takribani mita 3.7, na jina hilo liliendelea kutumika kwa vizazi kadhaa vya magreda hadi karne ya 21. Washindani hawakukosekana: Galion wa Ohio, Austin-Western wa Aurora, Illinois, waliojulikana kwa magreda ambayo magurudumu yake yote yaliweza kuvuta na kukata kona, warithi wa Adams huko Indiana, ambao kampuni yao ilinunuliwa na LeTourneau-Westinghouse mwaka 1955, na Champion wa Goderich, Kanada, walionunuliwa na Volvo mwaka 1997.

Kwa nini greda hudumu

Urefu wa maisha ya greda una sababu katika umbo lake. Bledi huwekwa kati ya ekseli ya mbele na magurudumu manne ya nyuma, na magurudumu hayo manne hupangwa mawili mawili, moja likifuata jingine, katika kisanduku kiitwacho tandemu, ambacho huweza kuyumba juu na chini kwa kuzunguka kwenye mhimili wake. Gurudumu moja la nyuma likipanda juu ya jiwe lenye kimo cha sentimita 10, mhimili wa tandemu hupanda sentimita 5 tu, na bledi, iliyo karibu na katikati ya fremu, hupanda takribani nusu ya kiasi hicho. Hivyo greda husawazisha barabara kwa kuyapunguza makosa ya barabara ileile linayoipita, na ndiyo maana watengenezaji hawakuona haja ya kubadilisha mpangilio huu tangu miaka ya 1930.

Kudumu kwa mpangilio huo kulikuwa na matokeo ya kibiashara ambayo hayakukusudiwa. Mitambo ambayo umbo lake hubadilika upesi hupitwa na wakati hata kabla haijachakaa, lakini greda la miaka 30 hufanya kazi ileile, kwa namna ileile, kama greda jipya, ingawa kwa kasi ndogo zaidi na kwa kumchosha zaidi mwendeshaji. Tena kazi yake nyingi hufanyika kwa mwendo wa polepole na kwa kukwangua tabaka jembamba, kwa hiyo injini na fremu hazipati mishtuko kama ile inayolipata buldoza linalong'oa visiki. Kinachochakaa mapema ni viungo: meno ya duara kubwa la chuma linaloizungusha bledi, vipande vya kuzuia mchezo, yaani kulegalega, kwenye duara hilo, kichwa cha mhimili unaolivuta, na pini za kila mahali ambapo chuma huzunguka juu ya chuma. Viungo hivyo vyote hubadilishwa, mradi vipatikane.

Soko la kwanza la mitumba

Soko la magreda yaliyotumika lilianzia katika mfumo uleule wa serikali za mitaa uliolizaa greda. Kaunti ya Marekani, ambayo ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, ilipangiwa bajeti ya mitambo na kuhitaji mtambo usioharibika katikati ya msimu wa theluji, hivyo ilinunua greda jipya, ikalitumia miaka kadhaa, kisha ikaliuza kwa mnada. Wanunuzi walikuwa vitongoji vyenye fedha kidogo, makandarasi wadogo na wakulima waliohitaji kuondoa theluji na kutengeneza njia za mashamba yao. Mnunuzi wa aina hii alikuwa na faida kubwa ambayo mara nyingi haikutajwa katika bei: wakala wa mtengenezaji alikuwa katika mji wa jirani, fundi aliyewahi kulihudumia greda lilelile alijulikana kwa jina, na kumbukumbu za matengenezo zilikuwa katika kabati la kaunti.

Vita Kuu ya Pili vilililipua soko hilo. Jeshi la Marekani lilitumia mitambo ya barabara kwa kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, likijenga viwanja vya ndege katika visiwa vya Pasifiki na kufungua, mwaka 1942, barabara ya Alaska yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500 ndani ya miezi michache. Amani iliporejea, mali hiyo yote ilipaswa kuuzwa, na mwaka 1946 iliundwa taasisi maalumu ya kuuza mabaki ya vita ndani ya Marekani, huku taasisi nyingine ikiuza mali iliyobaki ng'ambo, ikiwemo Ufilipino, ambako mitambo mingi ilikuwa imekusanywa. Mtu aliyetaka buldoza au greda miaka hiyo alikuwa na njia mbili: kungoja zamu yake kiwandani, ambako oda zilikuwa zimejaa na chuma kilikuwa haba, au kununua kilichokuwa kimebaki vitani. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoileta Tanganyika katika historia hii.

Kongwa, 1947

Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilianza kuandaa mpango wa kulima karanga kwa mashine katika ekari zipatazo milioni 3.2 za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa zaidi ikiwa Tanganyika. Mpango huo ulikadiriwa kugharimu takribani pauni milioni 25, ukaanza chini ya usimamizi wa Kampuni ya United Africa, na mwaka 1948 ukakabidhiwa kwa shirika la umma lililoundwa kwa ajili hiyo. Kituo cha kwanza kiliwekwa Kongwa, mashariki ya Dodoma, na baadaye vikafuata Urambo na Nachingwea, pamoja na bandari mpya ya Mtwara na reli iliyoiunganisha na bara.

Mradi wa Karanga umeandikwa sana kama mfano wa upangaji mbaya wa kilimo, na sawa, kwa kuwa mvua za Kongwa hazikutosha na udongo wake, ambao una mfinyanzi, hukauka na kuwa mgumu kama tofali mara kiangazi kinapoingia. Lakini kabla mbegu haijapandwa, mradi ulikuwa umekwisha kuyumba katika suala la mitambo. Wanunuzi wake, kwa kukosa mitambo mipya, walichukua matrekta na mabuldoza ya jeshi yaliyotumika, mengine kutoka Ufilipino na mengine kutoka Misri, na pia yalitengenezwa matrekta kutokana na sehemu za vifaru aina ya Sherman. Mitambo hiyo ilikuwa imefanya kazi ya vita, ilikuwa ya aina nyingi tofauti, na ilisafirishwa hadi nchi ambayo haikuwa na wakala wala karakana ya kutosha, kupitia bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa imeelemewa na reli ya kati yenye njia moja tu.

Matokeo yalikuja upesi. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyosukana chini ya ardhi, na mchanga wake mkali ulikula vyuma vya kukatia na minyororo ya mabuldoza, waendeshaji walikuwa wamefundishwa kwa haraka, na katika nusu ya pili ya mwaka 1947 takribani theluthi mbili ya matrekta yaliyoagizwa hayakuwa yakifanya kazi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango kwa sura yake ya awali, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36.

Ukilinganishwa na mkulima wa Minnesota aliyenunua greda la kaunti mwaka uleule, mradi wa Kongwa ulikuwa na fedha nyingi zaidi, wataalamu wengi zaidi na serikali nzima nyuma yake, na bado mkulima yule ndiye aliyefanikiwa kuutumia mtambo wake. Umri wa mitambo hauelezi tofauti hiyo, kwa sababu mingi ya ile iliyopelekwa Kongwa ilikuwa na miaka michache tu tangu itoke kiwandani. Tofauti ilikuwa katika umbali kati ya mtambo na kipuri chake, na kati ya mtambo na mtu aliyeuelewa.

Urithi wa idara za ujenzi

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, idara za kazi za umma za Kenya, Uganda na Tanganyika zilijenga karakana zao na kuwa na magreda yao, yakiwemo ya Aveling-Barford ya Grantham, kampuni ya Kiingereza iliyoundwa mwaka 1934 na ambayo ilitengeneza magreda kwa mtindo wa Austin-Western. Serikali huru zilirithi mitambo, karakana na mafundi, na kwa miaka kadhaa mfumo huo ulifanya kazi. Jaribio kubwa lilikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea njia za kusini, ikalazimika kupitisha mafuta na bidhaa zake Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu zake ndefu zilikuwa za changarawe. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yaliichakaza njia hiyo kwa kasi ambayo magreda yalishindwa kuifuata, na ilibidi lami iwekwe kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kudhoofika kwa mfumo wenyewe kulikuja taratibu zaidi. Mitambo mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuja kama sehemu ya misaada au mikopo, na kila mfadhili alileta mitambo ya nchi yake, hivyo karakana moja ya mkoa ingeweza kuwa na magreda ya Marekani, ya Uingereza, ya Japani na ya nchi nyingine, kila moja likihitaji vipuri vyake, vitabu vyake na fundi aliyelizoea. Bei ya mafuta ilipopanda, na Tanzania ilipotoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ikiwa na fedha kidogo za kigeni, vipuri ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kukosekana, na magreda ambayo yangeweza kufanya kazi miaka mingine 20 yalisimama uani kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, kisha yakanyofolewa moja baada ya jingine ili kuyaokoa mengine. Hali iliyoonekana Kongwa kwa miezi michache ilijirudia, kwa mwendo wa polepole, katika yadi za serikali.

Kenya ilijaribu jibu la aina nyingine. Kuanzia mwaka 1974 mpango wa barabara za vijijini ulijenga kilomita nyingi kwa kutumia nguvu kazi ya wakazi, majembe, matoroli na matrekta madogo, na ukakabidhi matunzo ya vipande vifupi kwa watu waliokaa kando ya barabara. Mpango huo uliheshimiwa kimataifa kwa sababu ulionyesha kwamba mahali ambapo greda haliwezi kutunzwa, ni afadhali barabara ijengwe kwa namna ambayo haitalitegemea, lakini barabara zenye malori mengi ziliendelea kulihitaji, kwa kuwa mikunjo inayojitokeza juu ya changarawe chini ya magurudumu yaendayo kasi hukua haraka kuliko jembe linavyoweza kuisawazisha.

Makandarasi na soko la sasa

Badiliko lililofungua mlango wa soko la leo lilikuwa la kisheria. Mwaka 1997 Tanzania ilitunga sheria ya kusajili makandarasi, iliyounda bodi yenye kuwapanga katika madaraja kwa kuzingatia, pamoja na mambo mengine, wataalamu na mitambo waliyonayo, na kuanzia mwaka 2000, Wakala wa Barabara ulipoanzishwa, matunzo ya barabara kuu na za mikoa yalianza kutolewa kwa mikataba badala ya kufanywa na vikosi vya wizara. Wakala wa barabara za vijijini na mijini ulifuata mwaka 2017. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, na katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti barabara zao na haja ya mitambo yao. Mkandarasi mdogo wa mkoani, aliyetaka zabuni ya kuchonga kilomita 40 za barabara ya wilaya, sasa alihitaji greda, na greda jipya lilikuwa nje ya uwezo wake.

Greda lililotumika lilimfikia kwa njia kadhaa. Japani iliuza magreda ya Komatsu na Mitsubishi yaliyokuwa yametumika kwenye barabara nzuri na kutunzwa kwa utaratibu. Ghuba ya Uajemi nayo ikawa kituo cha kupitishia, kwa kuwa ujenzi wa miji ya huko ulivuta mitambo mingi na kuiacha miradi ilipokwisha, na yadi za Sharjah pamoja na minada ya Jebel Ali huko Dubai zikawa mahali pa kawaida kwa wanunuzi wa Kiafrika. Minada mikubwa ya aina hiyo ilikua kutokana na kampuni ya Kanada ya Ritchie Bros, iliyoanzishwa Kelowna mwaka 1958, ambayo ilieneza utaratibu wa mnada usio na bei ya chini, maana yake muuzaji hukubali bei ya juu zaidi itakayotajwa siku hiyo, hata kama ni ndogo kuliko alivyotarajia. Utaratibu huo humpa mnunuzi bei ya haki ya soko, lakini humwachia yeye peke yake jukumu la kujua anachokinunua.

Kukagua ni kusoma vizazi

Kwa sababu umbo la greda limebadilika kwa kuongezewa mambo juu ya msingi uleule, ukaguzi wa greda kuukuu hufuata historia yake karibu hatua kwa hatua. Kibao cha namba ya utambulisho ndicho huanza kusomwa, kwa kuwa herufi na tarakimu zake za mwanzo hutaja kizazi: greda la Caterpillar 140G, kwa mfano, hutambulika kwa namba zinazoanza na 72V, na 12G kwa zile zinazoanza na 61M, na bila kujua kizazi hicho mtu hawezi kuagiza kipuri sahihi. Baada ya hapo huja sehemu za enzi ya farasi, yaani duara, mhimili wake na mitambo ya kuinamisha magurudumu, ambazo hukaguliwa kwa kuiinua bledi na kuitikisa: mchezo ukiwa mkubwa, greda litaacha mawimbi juu ya barabara hata mikononi mwa mwendeshaji hodari. Tandemu ya miaka ya 1930 hufunguliwa kifuniko ili kutazama mafuta na minyororo inayozungusha magurudumu, kwa maana vipande vya chuma ndani ya mafuta hutangaza gharama inayokuja.

Magreda ya kabla ya miaka ya 1970 yana mambo mawili ya pekee. Mengi ya Caterpillar yaliwashwa kwa injini ndogo ya petroli iliyowekwa pembeni ili kuizungusha ile kubwa ya dizeli, na injini hiyo ndogo ikifa, greda zima husimama. Aidha bledi yake huendeshwa kwa mitaimbo na gia, ambayo humrudishia mwendeshaji kila mshtuko mikononi. Mwaka 1973 kizazi cha G kilileta udhibiti wa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu, pamoja na fremu inayokunjika katikati ili greda likate kona fupi, na kwa hiyo mabomba, pampu na pini za kiungo cha katikati ziliongezwa katika orodha ya ukaguzi. Injini za kizazi hicho, kama ile ya 3306 iliyomo katika 140G, hupimwa zikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha ugumu wake wa kuwaka, na moshi unaopumuliwa kwenye tundu la mafuta huonyesha uchakavu wa ringi za pistoni. Mita ya saa husomwa kwa tahadhari, kwa kuwa hubadilishwa kwa urahisi, na matairi sita ya kipimo cha 14.00-24 huhesabiwa katika bei, kwa sababu kuyanunua yote mapya kunaweza kubadilisha kabisa hesabu ya mnunuzi.

Katika Afrika ya Mashariki, kizazi cha G na mitambo ya Kijapani ya rika lake imebaki kupendwa kuliko umri wake unavyodokeza, na historia iliyotangulia ndiyo inayoeleza kwa nini. Mitambo hiyo haina kompyuta, mafundi wengi wameizoea, vipuri vyake vya asili na vya kuiga hupatikana katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi, na mmiliki ambaye greda lake limesimama kilomita 300 kutoka mjini anaweza kupelekewa kipuri kwa basi la usiku. Kwa maneno mengine, eneo hili limejijengea, bila mpango wa serikali wala wa mfadhili, ule mtandao wa maarifa na vipuri ambao Minnesota ilikuwa nao mwaka 1947 na Kongwa haikuwa nao.

Mtandao huo sasa unakabiliwa na kizazi kingine. Mwaka 2007 Caterpillar ilitoa magreda ya kizazi cha M, ambayo usukani na vijiti vingi vya udhibiti viliondolewa na mahali pake vikawekwa vijiti viwili vya mkononi vinavyotuma amri kwa umeme, na watengenezaji wengine nao wameongeza vifaa vya kielektroniki katika injini na gia. Mitambo hiyo tayari inaonekana katika minada, bei yake ikishuka mwaka hadi mwaka, na mnunuzi atakayevutwa na bei hiyo atapaswa kuuliza kama fundi wake ana kifaa cha kusoma hitilafu za kielektroniki na anaelewa kinachosomwa. Pale ambapo jibu ni hapana, greda la mwaka 1985 lenye duara lililorekebishwa na tandemu safi lina thamani kubwa kuliko la mwaka 2010, na historia ya karne nzima ya mtambo huu inaunga mkono uamuzi huo.